Haki na Hisani



Mwezi Mei mwaka 2025 mmoja wa wenzako wanaojifunza Kiswahili aliniandikia akiomba msaada wa sentensi moja. Alitaka kulieleza darasa lake habari za "mashindano ya ubingwa ya lakrosi ya wanaume ya vyuo vikuu vya Marekani", na kama unavyoona, ile "ya" ilikuwa imemrudia mara nyingi mno, sentensi ikawa kama ngazi isiyokwisha. Aliniuliza ni ipi kati ya hizo angeweza kuiondoa. Swali lilikuwa jepesi. Ugumu ulikuwa kwangu mimi: mchezo wenyewe sikuwa nimeuona hata siku moja, na sipendi kumsahihishia mtu maneno juu ya jambo nisilolijua. Nikaamua kuutazama kwanza.

Ninaandika kutoka Nkombo, kisiwa kilicho kusini mwa Ziwa Kivu, katika wilaya ya Rusizi ambayo wazee wetu bado huiita Cyangugu. Ukisimama kilimani kwetu unaiona Rwanda upande mmoja na Kongo upande wa pili, na maji yaliyo katikati hayana mstari wowote. Fainali ilichezwa Jumatatu tarehe 26 Mei, mjini Foxborough, katika jimbo la Massachusetts. Huko ulikuwa mchana. Kwetu jua lilikuwa limekwisha kuzama. Simu niliiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, na mpwa wangu, mwana wa dada yangu, akaketi kando yangu kwenye mkeka. Yeye ni mvuvi. Usiku ule hakwenda ziwani kwa sababu alfajiri alikuwa na safari ya kuvuka kwenda ofisini kushughulikia kitambulisho chake. Jambo hilo nitalirudia.

Picha ilikuwa ikiganda mara kwa mara, lakini tuliyoyaona yalitosha. Kila upande una wachezaji kumi: mlinda lango, walinzi watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu. Kila mmoja ameshika fimbo ambayo kichwani ina wavu mdogo, na kwa wavu huo huudaka mpira mgumu wa raba, huutikisa ndani yake akikimbia usije ukadondoka, kisha huurusha kwa mwenzake au langoni. Lango lenyewe ni dogo, mraba wa mita moja na themanini hivi. Kusukumana kunaruhusiwa, na kuipiga fimbo ya mpinzani pia, kwa mipaka yake. Mchezo una robo nne za dakika kumi na tano kila moja. Mpwa wangu alitazama kimya kwa robo nzima, kisha akasema: "Mjomba, hawa wanavua."

Nilicheka, lakini hakukosea. Nikamwonyesha jinsi mchezaji anavyouzungusha mpini ili mpira ubaki wavuni, naye akanieleza kwamba ndivyo afanyavyo yeye na wavu wa mkono anapoinua sambaza waliobaki chini. Huku kwetu, msomaji, sambaza huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, taa huwashwa kuwavuta samaki, na wavu mmoja hutandazwa katikati ya mitumbwi yote. Hakuna mtumbwi unaoweza kuvua peke yake kwa njia hiyo. Na kundi hilo la mitumbwi na watu wake tunaliita ikipe, neno lililotoka Kifaransa, lenye maana ileile ya timu. (Sambaza wenyewe si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna mtu anayewauliza walikotoka.)

Timu mbili za usiku ule zilikuwa Cornell na Maryland. Mashindano haya ya vyuo yalianza mwaka 1971, na fainali ya kwanza kabisa ilikuwa baina ya vyuo hivihivi. Cornell ilishinda 12 kwa 6. Mara hii ilishinda tena, 13 kwa 10, ikachukua ubingwa ambao haikuwa imeupata tangu mwaka 1977. Cornell walikuwa na mshambuliaji aitwaye CJ Kirst, ambaye msimu huo alivunja rekodi ya mabao ya daraja lao la kwanza, na mpwa wangu alikwisha kumchagua kuwa mtu wake kabla hata ya kujua jina lake. Mimi nilivutiwa na jambo lisiloonekana kwenye picha, nalo ni jinsi timu zinavyofika pale.

Vyuo vimegawanyika katika ligi nyingi, kubwa na ndogo. Anayekuwa bingwa wa ligi yake, kwa utaratibu uliowekwa, anaingia katika mashindano ya taifa moja kwa moja, hata kama ligi yake ni ndogo na chuo chake hakijulikani. Nafasi zinazosalia hujazwa na kamati, ambayo huketi ikapima nani amecheza vizuri na dhidi ya nani. Basi siku ya kwanza ya mashindano uwanjani huwa kuna watu wa aina mbili: walioingia kwa ushindi wao na waliochaguliwa.

"Na kama kamati haimpendi yule bingwa wa ligi ndogo?" mpwa wangu akauliza.

"Aliyeshinda ligi yake hahitaji kupendwa."

Alilifikiri jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nami nikajikuta nikiyafikiria maneno mawili ambayo ningependa uyajue vyema kuliko sentensi ile ya "ya" nyingi. Maneno hayo ni haki na hisani. Yote mawili yametoka Kiarabu, yote mawili yamekwisha kuwa ya Kiswahili kabisa, na katika maisha ya kila siku mara nyingi huja mlangoni yamevaa nguo moja. Hisani ni wema ninaotendewa na mtu asiye na deni kwangu. Anaweza kunitendea leo, asinitendee kesho, nami siwezi kumshitaki. Haki ni kitu kilicho changu hata kabla sijapewa. Itazame methali yetu: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayesema hivyo haombi huruma; hata kumchukia mnyonge ameruhusu. Lakini kiambishi kile kidogo cha "yake" kimekwisha kukata shauri. Wanaoambiwa "mpeni" hawatoi mali yao, wanarudisha.

Sasa nikueleze kwa nini maneno haya yalinijia kwenye mchezo wa lakrosi, wala si katika kitabu cha uraia.

Mchezo huu haukubuniwa vyuoni. Ulikuwapo Amerika ya Kaskazini kabla Wazungu hawajafika, na miongoni mwa mataifa yanayouenzi zaidi ni Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu, muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Kwao si burudani tu. Ni mchezo waliopewa na Muumba, na huchezwa pia kumwombea mgonjwa afya. Mtoto wa kiume hupewa fimbo yake angali mchanga, na mzee huzikwa na yake. Jina lakrosi ni la Wafaransa, kwa sababu fimbo ile iliyopinda iliitwa hivyo kwa lugha yao. Katika karne ya kumi na tisa daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuandikia mchezo kanuni, zikachapishwa. Mwaka 1880 chama cha lakrosi cha Kanada kikawafungia nje wachezaji wenyeji, kwa hoja kwamba walikuwa wakilipwa. Kwa hiyo waliouleta mchezo duniani wakazuiwa kuucheza, na kanuni zikiwa mikononi mwa wageni.

Mji wa Ithaca, ilipo Cornell, uko katika nchi ya asili ya Cayuga. Chuo cha Syracuse kiko karibu kabisa na Onondaga, na wana wa taifa hilo wamekichezea kwa miaka mingi. Oren Lyons alikuwa mlinda lango wao katika timu ya mwaka 1957 ambayo haikufungwa mchezo hata mmoja. Mwaka 2014 ndugu wawili wa Onondaga, Lyle na Miles Thompson, waliokuwa wanafunzi wa Albany, waligawana tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Walikuwa wa kwanza miongoni mwa wenyeji wa bara lile kuipata, ingawa tuzo hiyo, Tewaaraton, imepewa jina la mchezo kwa Kimohawk. Waliwahi kutolewa robo fainali na Notre Dame, 14 kwa 13, katika muda wa nyongeza, mwaka uleule wa tuzo. Nywele zao ndefu walizisuka. Walicheza kwa ajili ya chuo, na mashabiki waliowashangilia hawakuwauliza ni raia wa wapi.

Aliyeuliza alikuwa mwingine, na hapo ndipo hadithi inapofika karibu na kwetu.

Haudenosaunee wana pasipoti zao wenyewe. Mwaka 1923 kiongozi wa Cayuga aitwaye Deskaheh alisafiri na pasipoti ya watu wake mpaka Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa, kutaka taifa lake lisikilizwe. Hakupewa nafasi ya kusema mbele ya mkutano. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama kidogo, maana Shirikisho hilohilo ndilo lililokuwa limeidhinisha, mwaka 1922, Ruanda-Urundi kuwa chini ya Ubelgiji. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mwaka 1910, wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels, wakachora mpaka katika ziwa letu. Kisiwa kikubwa cha Ijwi kikawa upande wa Kongo. Nkombo ikabaki upande huu. Hakuna mvuvi aliyekuwapo mezani.

Tulibaki, basi, na lugha yetu ya nyumbani tunayoiita Amashi, inayofanana na ya ndugu zetu wa ng'ambo kuliko inavyofanana na Kinyarwanda. Nilipovuka kwenda shule ya sekondari nchi kavu, wenzangu walinisikia nikisema sentensi mbili wakaniita Mkongo. Hilo lilikuwa la watoto, likapita. La watu wazima ndilo lililobaki. Nikiwa na miaka kumi na minane nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kutafuta karatasi za uraia wangu. Mtu aliyekuwa nyuma ya meza alisikia matamshi yangu, akaweka kalamu chini. Akauliza nithibitishe kwamba mimi ni Mnyarwanda. Nilikuwa na cheti cha ubatizo na barua ya kiongozi wa kwetu, akasema hazitoshi. Nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya nne mzee mmoja aliyewahi kununua samaki kwa marehemu baba alikuwa amekaa pale kwa shughuli zake. Akasema, "Huyu namjua, msaidie tu." Nikasaidiwa. Ilichukua dakika kumi.

Msomaji wangu, nilirudi kisiwani na furaha isiyo na kifani. Mama alichagua sambaza wazuri, akanituma niwapeleke kwa mzee yule, nami nilimshukuru kwa mikono miwili. Sijutii shukrani hiyo. Alikuwa mtu mwema, na wema hauozi. Lakini miaka mingi ilipita kabla sijatambua nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimekipokea kilicho changu kama zawadi. Mbaya zaidi, kijana mwingine wa Nkombo aliyekuja nyuma yangu siku ileile, ambaye hakuwa na baba aliyewahi kumwuzia mtu samaki, alirudishwa. Tulipanda boti moja kurudi. Sikumwambia neno.

Ndiyo maana habari ya mwaka 2010 ilinigusa. Timu ya Haudenosaunee ilialikwa katika ubingwa wa dunia wa lakrosi mjini Manchester, wachezaji ishirini na watatu pamoja na viongozi wao. Walifika New York na pasipoti zao, wakakwama. Serikali ya Marekani, kupitia waziri wake wa mambo ya nje wakati huo, Hillary Clinton, ikatoa ruhusa maalumu ya mara moja. Uingereza ikakataa kuwapa viza. Waliambiwa njia nyepesi ipo: wachukue pasipoti za Marekani au za Kanada, wapande ndege. Wakakataa. Mchezo wa ufunguzi, uliokuwa dhidi ya Uingereza wenyewe, ukapotea bila kuchezwa, na timu ikarudi nyumbani.

Angalia lile neno, ruhusa ya mara moja. Hiyo ni hisani iliyoandikwa vizuri. Inasema: leo pita, lakini usidhani mlango ni wako.

Miaka kumi baadaye jambo lilikuja kwa sura nyingine. Timu za lakrosi zilipotangazwa kwa ajili ya Michezo ya Dunia iliyofanyika Birmingham, Alabama, mwaka 2022, Haudenosaunee hawakuwamo, ijapokuwa walikuwa wa tatu duniani katika mashindano ya mwaka 2018. Hoja ilikuwa ya uhuru wa taifa na kamati ya olimpiki. Watu wakalalamika kwa maelfu, waandaaji wakakubali kwamba wanastahili, lakini nafasi zote zilikuwa zimejaa. Ndipo Ireland, mwezi Septemba mwaka 2020, ikajiondoa kwa hiari ili nafasi yake waipate wao. Sijui kama kuna kitendo cha uungwana katika michezo ninachokipenda zaidi ya hicho, na hata hivyo kinanitia uchungu. Kwa nini haki ya mmoja ingoje ukarimu wa mwingine? Waireland walitoa kilicho chao. Waliokuwa na deni hawakutoa kitu.

Lakrosi inarudi katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, baada ya kuonekana huko mara ya mwisho kugombea medali mwaka 1908. Sheria ya Olimpiki inataka kila timu iwe na kamati ya taifa inayotambuliwa, na Haudenosaunee hawana. Mwezi Desemba mwaka 2023 Rais Biden alitamka kwamba anaunga mkono waruhusiwe. Neno "waruhusiwe", nadhani, sasa unalisikia kama ninavyolisikia mimi. Sisi wa Afrika ya Mashariki tumekwisha kuingia katika mchezo huu bila kuulizwa maswali hayo: Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza ubingwa wa dunia, mjini Denver mwaka 2014, na vijana wake walipita na pasipoti zao kama kawaida.

Nilimsimulia mpwa wangu mengi ya haya fainali ilipokwisha, tukiwa nje. Usiku ulikuwa wa giza, mwezi haukuwapo, na taa za wavuvi zilikuwa zimetapakaa ziwani. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake tangu jioni.

"Mjomba, yule rafiki yako wa ofisini, huwezi kumpigia simu? Ajue tu kwamba nakuja."

Nitakwambia kweli: mkono wangu ulikwenda kwenye simu. Ninamfahamu mtu pale, na angenisikiliza. Mimi ndiye ninayewafundisha watu haki na wajibu wa raia, na simu ilikuwa mkononi. Nikaiweka. Nikamwambia akague karatasi zake zote, azitie kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, awahi boti ya kwanza, na asimtaje mtu yeyote. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa chumvi na jirani. Nikampa nauli. Alikuwa na sababu ya kunikasirikia: msimamo ulikuwa wangu, na ambaye angerudishwa ni yeye. Sikulala vizuri usiku ule. Mara mbili niliamka nikafikiri kwamba bado ningeweza kupiga simu asubuhi na mapema, naye asijue kamwe.

Siku iliyofuata nilimjibu mwenzako aliyeniandikia. Nilimwambia aandike "mashindano ya ubingwa wa lakrosi kwa wanaume wa vyuo vikuu vya Marekani", na kwamba "kwa" mara nyingi humwokoa mwandishi aliyezama katika "ya". Nilimweleza pia kwamba mabao hufungwa, fimbo hushikwa, na mpira hudakwa wavuni. Baada ya hapo nilikaa nikitazama gati.

Alirudi na boti ya jioni. Nilimwuliza ilikuwaje, akasema foleni ilikuwa ndefu.

"Walikuuliza kitu?"

"Waliniuliza kama ninatoka Kongo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ninatoka Nkombo. Nikawapa karatasi, nikangoja."

Alikuwa amekwisha kupigwa picha, na lalamiko lake la pekee lilikuwa kwamba wamempiga akiwa amefumba jicho moja. Alikula haraka, amesimama. Kisha akachukua koti lake akateremka ziwani, maana ikipe ilikuwa ikimsubiri.